Kilwa mezani: ninavyoendesha kampeni nisiyoujua mwisho wake

Swali ninaloulizwa kuliko yote kuhusu kampeni yetu ya Kilwa, mchezo wa kuigiza wahusika tunaoucheza mezani, ni hili: hadithi unaitunga saa ngapi? Wanaouliza wananiona na daftari, wanajua nina kazi na familia, wanadhani nakesha nikiandika visa. Hadithi siitungi. Natunga watu, natunga mji, na najua upepo unavuma kutoka wapi na utageuka lini. Kitakachotokea nakijua palepale mezani pamoja na wachezaji, na mara nyingi wao wanakijua kabla yangu.

Kwa asiyeufahamu mchezo wenyewe, maelezo mafupi. Watu wanne au watano wanakaa mezani. Kila mmoja anashika mhusika mmoja: jina lake, kazi yake, madeni yake, anachokiweza na asichokiweza. Mmoja wao, mwendesha mchezo, anashika vyote vilivyobaki, kuanzia sultani hadi mbuzi wa jirani. Wachezaji wanasema wahusika wao wanafanya nini, mwendesha mchezo anasema kinachofuata, na palipo na shaka zinarushwa dadu. Kampeni ni mchezo huo ukiendelea kikao baada ya kikao, miezi mingi, wahusika wakiwa walewale na makovu yao yaleyale.

Mchezo huu ulizaliwa Marekani, na ulizaliwa kwa vurugu. Mwaka 1969, katika miji pacha ya Minneapolis na St. Paul jimboni Minnesota, David Wesely alikuwa akiwaandalia wenzake michezo ya vita, ile ya kusogeza vikosi vya askari wadogo juu ya meza. Safari hiyo akaongeza mji, Braunstein, mji wa kubuni wa Kijerumani wa zama za Napoleon. Kabla majeshi hayajafika akampa kila mchezaji nafasi ndani ya mji huo: huyu meya, huyu mwenye benki, yule mkuu wa chuo, kila mmoja na haja yake. Vita havikupiganwa. Wachezaji walianza kunong'onezana pembeni na kupanga njama, wengine wakataka kupigana wao kwa wao, na Wesely akawa anahangaika huku na huku akijibu maswali ambayo hakuyaandalia majibu. Alidhani mchezo umeharibika. Wenzake wakaomba urudiwe. Mmoja wao, Dave Arneson, akalichukua wazo akalijengea ulimwengu wake wa Blackmoor, kisha yeye na Gary Gygax wa Lake Geneva, Wisconsin, wakatoa Dungeons & Dragons mwaka 1974.

Mazimwi na mapango yenye hazina yalikuja baadaye, na ndiyo yaliyopata umaarufu. Mimi nimebaki na Braunstein. Mpe mtu cheo, mpe haja, muweke karibu na mtu mwenye haja inayogongana na yake, halafu kaa pembeni.

Sisi tuliolelewa kwenye ngano tuna kikwazo chetu hapa. Bibi akisema Paukwa, tukajibu Pakawa, kazi yetu imekwisha mpaka wimbo ufike. Sungura atamlaghai fisi, fisi ataumia, na ole wake mtoto atakayedakia kusema kwamba fisi wake yeye ana akili. Mtambaji anaushika mwisho mkononi tangu neno la kwanza, na ndio utamu wa ngano. Lakini nimekaa kwenye meza za waendesha mchezo wenye ulimi mtamu kuliko wangu, watu wanaokueleza machweo ya bahari mpaka ukahisi chumvi mdomoni, na nikatoka bila kitu cha kusimulia nilichokifanya mimi. Tulipelekwa tu. Kila mlango uliokataa kufunguka, ulikataa kwa sababu hadithi yake ilikuwa upande mwingine. Mtu wa aina hiyo ningempa kipaza sauti na jukwaa, angefurahisha umati. Meza ni kitu kingine.

Kilwa ya mwaka 1331 niliichagua kwa uvivu, kusema kweli. Kazi kubwa ya kutunga ilikwisha kufanywa na waliokuwepo. Mwaka huo Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, aliteremka pwani yetu kutoka Mogadishu, akalala Mombasa, akafika Kilwa, na akaandika kwamba ni miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vyema kuliko yote. Sultani wa wakati huo, al-Hasan bin Sulaiman, alipewa lakabu ya Abu al-Mawahib, baba wa zawadi, kwa ukarimu wake. Ibn Battuta anasimulia Ijumaa moja fakiri kutoka Yemen alivyomsimamisha sultani akitoka msikitini, akamwomba nguo alizovaa mwilini. Sultani akazivua akampa. Mwanawe akaona si vizuri nguo za mfalme zitembee mitaani, akazikomboa kwa fakiri kwa watumwa kumi. Sultani aliposikia watu wanavyomsifu, akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Na alipofariki, akatawala ndugu yake Daud. Huyu akiombwa kitu alijibu kwamba aliyekuwa akitoa amekufa, na hakuacha cha kutoa.

Hebu soma tena sentensi hizo mbili za mwisho kwa jicho la mwendesha mchezo. Mji mzima umezoea mkono wazi, biashara zimejengwa juu ya ahadi za sultani, watu wamekopeshana kwa kutegemea Ijumaa ijayo. Halafu anakuja Daud. Sihitaji zimwi.

Mchezo wa kwanza wa kampeni niliuazima kutoka ukurasa mwingine wa msafiri huyohuyo. Anapoeleza Mogadishu, anasema jahazi likitia nanga, vijana wa mji hulifuata kwa mashua ndogo, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, na kila mmoja humpa mfanyabiashara mmoja sahani yake na kusema, huyu ni mgeni wangu. Kuanzia hapo mgeni analala kwa mwenyeji huyo, na mwenyeji ndiye anayemuuzia na kumnunulia. Anayejaribu kumpunja mgeni, au kufanya naye biashara mwenyeji asiwepo, biashara hiyo haitambuliwi. Desturi hiyo niliihamishia Kilwa bila aibu. Kikao cha kwanza kilianza hivi: jahazi la Khambhat, kule Gujarati, limeonekana mlangoni, mko ufukweni, nani ana mashua na nani ana chakula? Sikueleza historia ya mji hata kidogo. Ndani ya robo saa wachezaji walikuwa wanagombania makasia, mmoja ameshaiba sahani ya pilau ya harusi ya jirani, na kila mtu mezani alielewa uchumi wa Kilwa bila kuhutubiwa.

Wahusika wakuu ni wanne. Bibi mjane mwenye nyumba ya wageni. Baharia kijana ambaye hajawahi kupewa usukani. Fundi wa mawe anayejenga Husuni Kubwa, jumba la sultani juu ya jabali. Na mwanamke anayegonga sarafu za shaba, zile zenye jina la sultani ambazo moja yake ilikuja kuokotwa Zimbabwe Kuu, mamia ya kilomita kutoka pwani. Sarafu iliyosafiri mbali hivyo ni zawadi kwa mwendesha mchezo: nikimwambia mchezaji huyo kwamba leo umepewa shaba iliyochanganywa na uchafu, anajua aibu hiyo itafika wapi.

Sasa upepo, ambao ndio uti wa mgongo wa kila kitu.

Kampeni nyingi hufa kwa kukosa haraka. Wachezaji wanapumzika wanavyotaka, wanapanga wanavyotaka, adui anawasubiri pangoni kama mshumaa usioisha. Pwani yetu haina anasa hiyo. Kaskazi inavuma kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi na kuleta majahazi ya Arabuni na Bara Hindi. Kusi inaanza Aprili na kuyarudisha. Mwezi wa Juni na Julai kusi inakuwa kali, bahari inachafuka, nahodha mwenye akili habanduki. Aliyechelewa kupakia atasubiri mpaka Agosti huko. Kilwa yenyewe ilitajirika kwa sababu hiyo: ni kusini karibu ya mwisho ambako jahazi la mbali lingeweza kufika na kurudi kwa msimu mmoja, kwa hiyo dhahabu ya Sofala, bandari iliyoko Msumbiji ya leo, ilipandishwa na watu wa Kilwa mpaka Kilwa, na mgeni akaikuta hapo.

Mabaharia wa pwani walikuwa na mwaka wao wa jua, ulioanza Nairuzi na kuhesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi. Nimeuweka mezani kama ulivyo. Kaskazi yetu ina miongo kumi na miwili, imechorwa kwenye karatasi ya manila ambayo kila mchezaji anaiona, na kila wahusika wanapofanya jambo kubwa, iwe safari ya Songo Mnara, uponyaji wa jeraha au mazungumzo ya posa, mwongo mmoja unakatwa kwa kalamu nyekundu. Hapana siri. Mchezaji anayeiona mistari mitatu imebaki kabla upepo haujageuka hahitaji kuchochewa na mtu.

Katikati ya vikao, usiku mmoja nikiwa na chai, nafanya kazi pekee ninayoiita maandalizi. Nina karatasi moja, upande mmoja, yenye watu saba. Mbele ya kila jina mambo matatu: anataka nini, anaogopa nini, na atafanya nini mwongo ujao kama hakuna atakayemzuia. La tatu ndilo lenye kazi. Wachezaji wakimgusa mtu huyo, mpango wake unabadilika. Wasipomgusa, unaendelea, na matokeo yake watayakuta barabarani. Upande wa pili wa karatasi nina majina ishirini matupu, ya wanaume na wanawake, kwa sababu mchezaji atamuuliza muuza maji jina lake, na ukisitasita anajua hapo hapo kwamba muuza maji si mtu.

Nitoe mfano, maana bila mfano hili linasikika kama mahubiri. Kati ya wale saba alikuwapo msimamizi wa wapagazi wa ufukweni, mtu wa sauti ya chini na tasbihi ndefu. Alitaka kila mzigo unaopanda jahazi upite kwake. Mpango wake: mwongo wa tatu, awape mikopo viongozi wa makundi madogo ya wapagazi. Mwongo wa sita, adai mikopo yote kwa siku moja. Mwongo wa tisa, ujira upande maradufu. Mwongo wa kumi na mbili, jahazi la Khambhat likose upepo. Niliacha dalili tatu tofauti mjini, kama ilivyo desturi nzuri ya kazi hii, kwa sababu wachezaji huikosa ya kwanza na huielewa vibaya ya pili. Wachezaji wangu walizipita zote. Walikuwa na shughuli: fundi wa mawe ameingia ugomvi wa posa, na baharia anajifunza nyota kwa siri.

Ningeweza kuwasukuma. Ningemtuma mjumbe akimbie amwambie bibi mambo yote, kikao kiokoke. Sikumtuma. Mwongo wa tisa ukafika, ujira ukapanda, mfanyabiashara wa Khambhat hakuweza kupakia, kusi ikakaza, akabaki. Na alibaki nyumbani kwa yule bibi, kwa sababu bibi ndiye aliyeshinda mbio za sahani kikao cha kwanza na kusema mbele ya watu, huyu ni mgeni wangu. Mgeni halipi tena, maana fedha zake zote ziko kwenye shehena isiyotembea. Mgeni anakula. Mgeni ana watumishi watatu nao wanakula. Na mgeni hafukuzwi. Mchezaji anayemshika bibi ni msichana wa chuo mwenye kicheko kikubwa, lakini siku hiyo alikaa kimya akipiga hesabu ya mchele kwenye simu yake, kisha akasema: "Ijumaa naenda kumsubiri sultani nje ya msikiti."

Hakuna karatasi yangu yoyote iliyokuwa na sentensi hiyo. Kisa cha fakiri wa Yemen tulikuwa tumekitaja mara moja tu, kama uvumi wa sokoni. Akaenda, akaomba, dadu zikamkubali, na sultani akamwahidi mizigo miwili ya pembe mbele ya umati wote. Nilichokijua mimi peke yangu ni kwamba sultani yuko kwenye orodha ya saba, na mbele ya jina lake, tangu kabla ya kampeni kuanza, niliandika mwongo atakaofariki.

Dadu zetu ni mbili za kawaida, za ludo. Vitabu vya michezo ya kigeni vinataka dadu ya nyuso ishirini, na kuagiza seti moja kwa dola na posta juu yake ni shughuli. (Kanuni zenyewe si tatizo siku hizi. Tangu Januari 2023 kanuni za msingi za toleo la tano la Dungeons & Dragons zimetolewa bure kwa leseni ya Creative Commons, yeyote azichukue azitumie.) Lakini hata ningepewa dadu ya nyuso ishirini bure nisingeihama ludo. Dadu moja ya nyuso ishirini haina mapendeleo: moja na ishirini na kumi zote zina nafasi sawa, asilimia tano. Dadu mbili za ludo zina njia 36 za kuanguka, na sita kati yake zinaleta saba, wakati kumi na mbili inakuja kwa njia moja tu. Dunia inayoelemea katikati inafanana zaidi na biashara ya Kilwa.

Ukipata kumi au zaidi umefanikiwa. Saba hadi tisa, umefanikiwa lakini kuna gharama. Sita kushuka, jambo limekugeuka na mimi nasema limegeuka vipi. Mtindo huo nimeuchukua kutoka mchezo wa Apocalypse World wa mwaka 2010 na ukoo mrefu wa michezo ulioufuata. Mchezaji wetu mwalimu wa hesabu alifurahi kuwaeleza wenzake: bila nyongeza yoyote, kufanikiwa kikamilifu ni njia 6 kati ya 36, kufanikiwa kwa gharama ni 15, na kuharibikiwa ni 15. Ukiongezewa moja kwa ujuzi wako, zinakuwa 10, 16 na 10. Ukiongezewa mbili, 15, 15 na 6. Yaani hata fundi stadi anabaki na gharama mara kwa mara, na gharama ndiyo inayozaa kikao kinachofuata.

Dadu zenyewe hatuzirushi ovyo. Narusha nikiwa tayari kupokea majibu yote mawili. Kama kushindwa hakuna maana, mlango na ufunguke tu. Kama kufanikiwa hakuwezekani, nasema hapana kwa mdomo wangu, siifichi hapana hiyo nyuma ya dadu. Na zote naziacha zianguke katikati ya meza, mbele ya macho. Wapo waendesha mchezo wanaorushia nyuma ya kizuizi na kubadilisha namba kimoyomoyo ili kisa kiende vizuri. Najua nia yao ni njema. Mimi sitaki hata kuwa na uwezo huo.

Kanuni moja tumeitoa nyumbani, kwenye vitendawili. Aliyetegewa akishindwa anaambiwa, nipe mji. Anataja mji, Bagamoyo tuseme, na mtegaji anajisifu kidogo jinsi alivyopokelewa Bagamoyo, kisha anatoa jibu. Mchezo hausimami kwa sababu mtu hajui, ila kutojua kuna bei yake. Ndivyo tunavyofanya na mafumbo ya kampeni. Wachezaji wakikwama, wakiwa wamezunguka jambo moja mpaka chai imepoa, yeyote anaweza kusema, nakupa mji. Maana yake ananikabidhi kitu cha mhusika wake: rafiki, siri, kipande cha heshima, mahali pa kujificha. Mimi napewa haki ya kukiharibu nitakapotaka, nao wanapata jibu la kweli, lote, bila hila. Baharia alinipa nahodha aliyemfundisha nyota. Sijamgusa nahodha huyo hadi leo, na kila jahazi likichelewa mchezaji ananitazama.

Huyo anayemshika baharia ni mzee wetu, mstaafu wa kazi za bandari, mwenye umri wa kuwazaa wote waliobaki. Mhusika wake ana miaka kumi na saba. Msichana wa chuo, kama nilivyosema, ndiye bibi. Kwa hiyo mezani mzee analazimika kumwamkia binti shikamoo, na binti anaitika marahaba kwa madaha yote, halafu tukitoka nje ya mchezo mambo yanageuka na binti anamwandalia mzee kiti. Niliogopa kidogo kwamba hili lingemkera. Limekuwa burudani yake kuu. Anasema miaka yote kazini hakuwahi kupata nafasi ya kuwa mjinga tena. Mzee huyu pia amenisaidia kwa mambo ambayo kitabu hakina: namna wapagazi wanavyopunguza mwendo bila kusema wamegoma, au mtu anavyoweza kuchelewesha shehena kwa adabu tupu.

Lipo jambo ambalo halina burudani. Nimetaja watumwa mara mbili katika kisa cha sultani, na Ibn Battuta anawataja bila kupepesa macho, pamoja na mashambulizi ya sultani huyohuyo dhidi ya watu wa bara. Kampeni ya Kilwa inayowafuta watu hao inadanganya. Kampeni inayowageuza kuwa mali ya wachezaji, yenye bei kwenye orodha pamoja na shanga na vitambaa, siiendeshi. Kabla ya kikao cha kwanza tulikaa mchana mzima bila kurusha dadu tukakubaliana: hakuna mhusika wetu anayemiliki wala kuuza mtu, waliotekwa wana majina na haja zao kwenye karatasi yangu kama wengine, na hatuigizi mateso yao kwa kina. Mezani kuna kadi yenye alama ya X, zana iliyobuniwa na Mmarekani John Stavropoulos. Yeyote akiigusa, tukio hilo linarukwa na haulizwi sababu. Iliguswa na mtu ambaye nisingemdhania, katika tukio nililoliona la kawaida, na tukaendelea na mengine. Kati ya wale saba mmoja ni mwanamke aliyetekwa bara, anayefanya kazi katika ujenzi wa Husuni Kubwa, na mpango wake ndio mrefu kuliko wa wote. Sitasema zaidi, wachezaji wangu wanasoma blogu hii.

Jumba hilo limenifundisha kuchora ramani. Nyumba za mawe za pwani zilikuwa na dari zilizobebwa na boriti za mikoko, na mkoko una urefu wake. Kwa hiyo vyumba vinaweza kuwa virefu unavyotaka, lakini upana unaishia kwenye mita mbili na nusu hadi tatu hivi. Husuni Kubwa lilikuwa na vyumba zaidi ya mia, birika la kuogea la pembe nane, nyua na ngazi kuelekea baharini, na vyumba vyake ni vyembamba. Ukichora hivyo, kila kitu kinabadilika. Upanga hauwezi kuzungushwa. Watu wawili wakipishana wanagusana mabega. Mnong'ono unafika chumba cha pili. Nimeona ramani za michezo zenye kumbi kama viwanja vya mpira, na sasa kila nikiziona najiuliza nani alibeba boriti hiyo. Halafu jumba lenyewe halikukamilika, na kwa fundi wetu wa mawe hilo ni swali la kila kikao: nani ataacha kulipa kwanza?

Kuhusu mahudhurio, ambayo ndiyo yanayoua kampeni nyingi kuliko zimwi lolote, tuna dawa nyepesi. Tunakutana Jumamosi baada ya alasiri, tunamaliza kabla ya isha, na anayekuja anakuja na kitu cha kutafuna. Asiyeweza kuja, mhusika wake amekwenda Sofala. Ni safari ndefu, haina maelezo, na akirudi kikao kingine anarusha dadu mara moja: kumi na zaidi kaja na dhahabu, saba hadi tisa kaja na dhahabu na deni, sita kushuka kaja na habari ambayo mtu fulani hapendi ijulikane. Nesi wetu, mgonga sarafu, ana zamu za usiku na kwa hiyo amekwenda Sofala mara nyingi hata wengine wanamshuku ana mume kule. Sikulipanga hilo. Limeingia kwenye karatasi.

Kikao kijacho ni cha kusi ya kwanza ya Daud. Al-Hasan amezikwa, bibi wa nyumba ya wageni ana ahadi ya mizigo miwili ya pembe iliyosikiwa na umati mzima na haikuandikwa popote, na mfanyabiashara wa Khambhat bado yuko nyumbani kwake, amenenepa. Mgonga sarafu ameagizwa atengeneze sarafu zenye jina jipya, na amekuja na wazo, alilonitumia kwa ujumbe saa nane usiku kutoka zamuni, la kuchelewesha kazi hiyo mpaka Daud akubali kulipa madeni ya kaka yake. Fundi anadhani wenzake wajenzi watamuunga mkono. Msimamizi wa wapagazi, ambaye hawajamgusa hata sasa, ana neno la kusema katika jambo hilo, na mbele ya jina lake nimeshaandika atakalofanya mwongo wa kwanza. La Daud nimeandika anachotaka na anachoogopa. Nafasi ya tatu ninayo hadi Ijumaa usiku.